Mikono Iliyosahau Joto la Maji

Nilitoka msibani Malindi, hapa Unguja mjini, na viatu viwili visivyofanana, na sikujua. Mguu wa kulia nimevaa ndara yangu ya plastiki, wa kushoto nimevaa kubadhi la kiume, la ngozi, kubwa. Mlangoni pa nyumba ya msiba viatu hurundikana, kila mtu hutia mguu anapopajua, nami nilitia mguu nikaenda zangu. Nikavuka Darajani, nikakata vichochoro mpaka nyumbani kwetu Mlandege. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Akaitazama miguu yangu, kisha akanitazama usoni.

"Mama Rahma," akasema, "huyo bwana mwenye kubadhi karudije kwao?"

Nikacheka, na yeye akacheka. Nilipolivua lile kubadhi nikaona ukanda umenichubua katikati ya vidole, ngozi imetoka na damu imeshaganda. Nilikuwa sijahisi lolote, si ukubwa wa kiatu wala maumivu ya kidonda. Hapo kicheko kikatukauka sote wawili.

Ninaandika haya baada ya lile zito kupita, na ninaandika kwa vituo, kwa sababu mkono bado unachoka. Najua wapo wanaoamka asubuhi wakakung'uta mikono na kujiambia wameilalia. Wapo wanaohisi sisimizi wanatambaa nyayoni, wakiinama kutazama hawaoni kitu. Mimi nilijiambia nimelala vibaya kwa zaidi ya mwaka. Mambo ya mishipa na inavyofanya kazi waulizeni waliosomea. Mimi nitasema yaliyonipata, na mtu achukue linalomfaa.

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Ni jambo la kuitiwa: mtu anabisha hodi, unaacha ulichokuwa ukikifanya, unachukua mkoba wako, unakwenda. Nilifundishwa na mama yangu mkubwa, Bi Mize wa Bwejuu, ambaye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kwa miaka mingi, kila mwanamke aliyezikwa kijijini kwao alipita mikononi mwake. Alinifundisha kumsitiri maiti kwa nguo muda wote, kuanza upande wa kulia, kutia majani ya mkunazi kwenye maji ya mwanzo na kafuri kwenye maji ya mwisho. Lakini alilolishikilia kuliko yote ni joto la maji. Yawe vuguvugu, na mwosha ayapime mwenyewe, kwa mkono mtupu, kabla hajavaa glavu.

"Huyo alolala hapo hawezi kukwambia yanamuunguza," alikuwa akisema. "Wewe ndo ngozi yake."

Na kila aliponifundisha alimalizia kwa maneno yale yale: "Siku yangu mimi, Zuhura, mkono utaonipimia maji uwe huo wako. Sitaki wa mtu mwengine." Nilimwahidi nikiwa msichana, na nikamwahidi tena nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe. Haikunipitikia kwamba ahadi kama ile ingeweza kukwama kwenye vidole.

Ganzi ilianzia miguuni, wakati wa vuli. Vidole vya mguu vikawa vinasisimka, kisha vinakufa, kisha vinasisimka tena. Baadaye nikawa natembea kama niliyevaa soksi, nami sijavaa kitu. Mvua za vuli zilipokatika, ikapanda mikononi. Vifungo vya nguo vikanishinda. Nikitia chumvi kwenye mchuzi sijui nimeshika kiasi gani, basi ama mchuzi umepwaya ama hauliki. Tasbihi ikawa inaniponyoka, naiokota, inaniponyoka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: nikitawadha, nikifumba macho kujipaka maji usoni, nilikuwa nayumba. Nilianza kutawadha nikiwa nimeegemea ukuta.

Nina sukari, miaka mingi sasa, na vidonge vyake nameza kila siku. Kwa hiyo nilipokwenda kliniki nikasema miguu inakufa ganzi, hakuna aliyeshangaa. Nikaambiwa ni sukari hiyo, Bi Zuhura, punguza wanga. Nikapunguza. Nilikuwa mwanamke mwenye mwili wangu. Kanga zikaanza kunizunguka mara mbili. Nikirudi nikisema bado, naambiwa nipunguze tena. Ikafika mahali sikujua nilichobakiwa nacho cha kupunguza.

Benchi la kusubiri nimelijua mpaka msumari wake. Upo upande wa dirishani, umechomoza, umeshanichania kanga mbili. Mtu anakwenda pale baada ya sala ya alfajiri, anarudi jua limeshapinduka. Na watu wa benchini kila mmoja ugonjwa wako anaujua. Mmoja aliniambia ni upepo mbaya, mwengine ni kwa sababu ya kulala kwenye sakafu, na mwengine akanipa habari za jirani yake aliyekatwa mguu, akazisimulia kwa utulivu kabisa huku anamenya chungwa. Aliponigawia kipande nilikipokea, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Lakini siku moja pale pale, nilipoitwa jina, nikasema "Naam", nikainuka, kumbe ukanda wa kiatu changu umefunguka. Mama mmoja nisiyemjua akapiga magoti bila ya kuniuliza, akanifunga ule ukanda, akanigonga gonga mguuni kunijulisha kwamba amemaliza. Sijui alijuaje kwamba nisingehisi. Mpaka leo namwombea dua, na jina lake silijui.

Mtaani watu walikuwa na jawabu lao. Walisema baridi ya maiti imeniingia mikononi. Miaka yote nawashika wafu, sasa nao wananishika. Hakuna aliyenambia usoni, lakini maneno ya Mlandege hayakai ndani. Mume wangu ni mtu wa msikiti na duka lake la vitambaa, si mtu wa mambo hayo. Hata hivyo naye maneno yalimwingia.

"Acha hii kazi," akaniambia jioni moja. Nilikuwa nimemwangushia kikombe cha kahawa, cha pili wiki ile. "Kila siku unakwenda kuwashika wafu, ukirudi huwezi kushika kikombe. Unataka nkwambie nini?"

"Nambie pole," nikasema.

Akaokota vigae kimoja kimoja, akavitia kwenye gazeti. Hakusema pole, na mimi sikumsaidia kuokota. Tukakaa siku kadhaa tunasemeshana mambo ya lazima tu, umeme umekatika, mkate umekwisha, na nyumba yetu ni ndogo kwa kimya cha namna ile.

Kaskazi ya mwaka wa pili ilipofika, joto la mji halisemeki, nikaitwa kumwosha bibi mmoja wa mtaani kwetu. Mwenzangu wa siku zote ni Bi Fatma, tumeosha pamoja tangu watoto wetu wadogo. Sufuria ya maji ikaletwa kutoka jikoni, nikatia mkono kama kawaida, nikatulia, nikasema, "Yako sawa." Bi Fatma akatia mkono kuchukua kopo lililozama. Akautoa upesi, akaukumbatia kifuani.

"Bi Zuhura," akasema kwa sauti ya chini, "maji haya yanaunguza."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na mimi nauona tu, kama mkono wa mtu mwengine. Maiti hakumwagiwa hata tone, namshukuru Mungu kwa hilo. Bi Fatma aliongeza maji ya baridi, akapima yeye, akaosha yeye, nami nikakaa ukutani nimeshika nguo ya kumsitiria kwa mkono ulioanza kuvimba. Tulipomaliza nikampa mkoba wangu wenye glavu, pamba na kafuri. Akanambia nitauchukua nikipona. Nikamwambia asiningoje.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria Bi Mize. Umri umeshamtupa mkono, ameshalala kitandani, na mimi ndiye ngozi aliyoiweka akiba. Nililia kichochoroni nikiwa nimeegemea ukuta wa watu.

Bi Fatma ndiye aliyempigia simu binti yangu. Rahma anafanya kazi hotelini Nungwi, na ruhusa kwao si jambo la kuomba kila mara. Akaja, akauona mkono wangu umefungwa bandeji, hakunigombeza. Kesho yake akanichukua kwa daktari mwengine, hospitali nyengine, benchi jengine. Tukangoja sana. Rahma alinilaza begani kwake, mimi niliyekuwa nikimlaza yeye.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa Rahma. Akaniamkia, "Shikamoo, mama," nikaitikia marahaba, nikategemea atanambia nipunguze wanga. Badala yake akanivua viatu kwa mikono yake. Akanigusa gusa nyayo kwa pamba, nimefumba macho. Akaikagua ngozi yangu, mgongo mzima, akitafuta mabaka, na nilijua anatafuta ukoma, ingawa hakulitaja neno. Hakuyaona, nami nikapumua. Kisha akachukua chuma chenye matawi mawili, akakigonga kikavuma, akaniwekea kwenye kidole gumba cha mguu.

"Ukiona kimeacha kutetema, nambie."

Nikangoja. Nikangoja tena.

"Bado kinatetema, mama?"

"Mwanangu," nikasema, "mie sijui kama kilianza."

Akakiweka chini. Akanambia nitoe ulimi. Nikaona ajabu, maana nimekwenda kwa habari ya miguu. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu, laini, umenyooka kama umepigwa randa, na ulikuwa ukichoma miezi mingi. Nilidhani ni chai moto. Daktari akautazama kwa muda, akavuta kiti karibu, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unakula nini?"

"Nishapunguza wanga," nikasema haraka haraka, kama mtoto wa skuli.

"Hapana. Nambie unachokula. Jana ulikula nini?"

Nikamwambia: mkate kidogo, maharage, mchicha, chai kavu. Akauliza juzi. Maharage. Nyama? Hapana. Samaki? Hapana. Mayai? Siyapendi. Maziwa? Yananiletea kiungulia. Akaweka kalamu chini. "Huli samaki, mama? Unguja hii?"

Basi ikabidi nieleze, na sikuwahi kueleza popote kwa kuwa sikuliona kuwa ni jambo. Mimi nikitoka kuosha, kitoweo hakinipandi. Nikikiona kipande cha nyama kwenye sahani, au ngozi ya samaki, moyo unakataa. Si uchafu, wala si hofu, maiti simwogopi. Ni mwili tu, naona bado nimeushika. Mwanzoni hamu ilikuwa inarudi baada ya siku chache. Lakini mtaa wetu mkubwa, watu hawaishi kufa, na kabla hamu haijarudi naitwa kwengine. Mwisho hamu ikaacha kurudi. Miaka imepita mingi nawapikia wenzangu mchuzi wa samaki, nauonja chumvi kwa ncha ya kidole, nakula wali na mboga.

Nikasikia Rahma anavuta pumzi. Nilipogeuka, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama," akasema, "mie siku zote nlidhani unatuachia sisi."

Daktari alituacha kidogo, akajifanya anaandika.

Alinieleza kwa maneno machache. Iko vitamini moja inayopatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na mishipa ya fahamu haiishi bila hiyo. Mimi nilikuwa siili. Na vidonge vyangu vya sukari, mtu akivitumia miaka mingi, navyo huipunguza. Akanikazania kabisa kwamba nisiviache vidonge kwa akili yangu, sukari ingenimaliza. Akasema sukari nayo inaweza kuwa na mkono wake, tezi ya shingo inaweza, mambo mengi yanaweza, kwa hiyo damu ipimwe yote. Na mkono usipime kitu cha moto tena. Nitumie kiko cha mkono, hapo kiwikoni ambapo ganzi haijafika, au nimwombe mtu.

Kwa kipimo chenyewe damu ilisafirishwa, majibu tukayangoja. Ramadhani ilinikuta katika kungoja. Nimechoka maishani mwangu, nimelea, nimeuguza, nimezika, lakini uchovu wa kungoja majibu ni mwengine. Unaamka nao. Rahma alirudi Nungwi kazini, akawa anapiga simu kila baada ya futari kuuliza, na mimi namjibu bado, mpaka nikaanza kuiogopa ile simu. Majibu yalipokuja yalikuwa kama alivyodhani daktari. Vitamini ile nilikuwa karibu sina.

Sindano zilianza pamoja na masika. Dawa yake nyekundu kama juisi ya rosela, na mara ya kwanza nilipoiona ikivutwa kwenye bomba nilidhani ni damu wananirudishia. Mwanzoni ilikuwa siku moja naenda, siku moja napumzika, mvua inanyesha, Darajani maji yamejaa, na miguu yangu haijui inapokanyaga. Mume wangu akawa anafunga duka kunisindikiza. Ananishika kiwiko na mwavuli ameuelemeza upande wangu. Siku ya kwanza tulipofika ametota bega zima, akakaa kando yangu kwenye benchi, akasema akitazama mbele:

"Pole, Mama Rahma."

"Nshapoa," nikasema.

Nilitaka kuwaambia wenye kuanza matibabu haya kwamba mtapata nafuu upesi, lakini ningesema uongo. Mimi nilizidiwa kwanza. Ganzi ilipoanza kuondoka iliacha moto. Nyayo zikawa zinawaka, siwezi kufunikwa shuka, siwezi kuvumilia hata upepo wa feni. Nikamwambia daktari sindano zake zinaniua. Akasema ndivyo mishipa inavyoamka, akanipa kidonge cha kunisaidia kulala, akanambia nivumilie. Neno nivumilie nilikuwa nimelichoka, nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema hata yeye amelichoka, hana jengine.

Na kula kukawa vita. Mume wangu akaanza kwenda sokoni mwenyewe, akirudi na samaki, changu na kibua, na siku moja pweza, akampika mpaka akawa mpira. Nikitia kipande mdomoni natapika. Rahma alikuja kwa siku zake za mapumziko, akakaa mbele yangu na sahani kama mimi nilivyokuwa nikikaa mbele yake.

"Kula, mama."

"Ntakula."

"Ushasema ntakula tangu adhuhuri. Mie kazi yangu inaningoja, nawe unaningojesha na kipande cha samaki."

Nikamwambia aende kazini kwake, sikumwita. Akainuka, akaenda kulia jikoni, namsikia. Nikakichukua kile kipande, nikakitia kinywani, nikameza na maji, machozi yananitoka. Tulichoka sote siku ile, na sisi ni watu tunaopendana. Baadaye tuligundua kwamba supu inapita pasipopita samaki mwenyewe, na yai nikifichiwa kwenye mkate wa kumimina silijui. Ndivyo nilivyokula, kwa kudanganywa, nami najua nadanganywa.

Sindano zikawa za kila wiki. Mvua zikapungua. Ndipo ujumbe ukaja kutoka Bwejuu kwamba Bi Mize ananiita.

Nilikuwa nimemkwepa. Nilimtumia salamu, nilimtumia unga na sukari guru, mwenyewe siendi. Mume wangu akaazima gari ya rafiki yake akanipeleka. Nilimkuta Bi Mize amelala chumbani kwake, mdogo kitandani, macho hayaoni vizuri tena lakini ulimi ni ule ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia umeacha kuosha."

"Mikono imekufa, mama. Nilitaka kumuunguza mtu."

"Nshasikia. Fatma kanambia." Akanigeuzia uso. "Basi kachemshe maji, uje unioshe."

Nikamwambia asiseme maneno kama hayo, yeye bado yuko hai.

"Ndo maana," akasema. "Huyo maiti hawezi kukwambia. Mie ntakwambia. Nioshe sasa, wakati nnasema."

Nikachemsha maji nyuma ya nyumba, nikayachanganya, nikapima kwa kiko cha mkono kama nilivyoelekezwa na daktari. Nikamsitiri kwa kanga, nikachota, nikammiminia mguuni kidogo.

"Baridi. Unataka nife na mafua?"

Nikaongeza ya moto.

"Bado."

Nikaongeza tena.

"Eee, hayo ni ya kuchemshia pweza. Punguza."

Nikapunguza, nikammiminia. Akafumba macho.

"Hayo ndo yenyewe," akasema. "Sasa tia kiganja humo, ukiache. Kiganja kijue."

Nikakiacha kiganja ndani ya maji mpaka yakapoa. Sikuhisi kitu siku ile. Nilimkausha, nikampaka mafuta ya nazi, nikamvisha. Alilala kabla sijamaliza kumfunga kanga.

Nikawa nakwenda. Sindano ya mjini, kisha maji ya Bwejuu, ndivyo nilivyokuwa nikihesabu kipupwe chote. Sindano zikawa za mwezi, lakini Bwejuu nilikwenda kila nilipopata gari. Bi Mize ananigombeza, ananichekesha, ananitajia wanawake aliowaosha na tabia zao. Alipenda nimwoshe taratibu, mgongo hasa. Mara nyengine nilisahau kwamba najifunza, nikawa namwosha tu. Kila maji yalipokuwa sawa alisema vile vile, "Hayo ndo yenyewe," nami naacha kiganja ndani.

Fahamu ilirudi kwa mlango wa nyuma. Asubuhi moja nikiwa nyumbani nilikanyaga punje ya mchele sakafuni, ikanikera kisiginoni. Nikainua mguu kuifuta, ndipo nikatambua. Nikakaa pale pale chini, nikaishika ile punje. Mume wangu alinikuta nimekaa sakafuni nalia na punje ya mchele mkononi, akadhani nimeanguka. Nilipomweleza, akaitaka, akaitia kwenye mfuko wa kanzu yake.

Baadaye, Bwejuu, ndani ya lile beseni, kiganja kikaniambia kitu. Kilikuwa mbali sana. Nikamwambia Bi Mize, "Mama, naona ni vuguvugu." Akasema, "Hebu nimiminie." Nikammiminia. "Hayo ndo yenyewe," akasema, na safari hiyo alinishika mkono akaubakisha kifuani kwake.

Sijapona kote. Vidole vya miguu bado ni vya mtu mwengine, na daktari amenambia huenda vikabaki hivyo, maana nilichelewa. Sindano ya mwezi naipata, na nitaendelea kuipata. Viatu navaa vya kufunika, na kila jioni nazikagua nyayo zangu kwa kioo kidogo. Anayesoma haya na mikono yake inakufa ganzi, namwomba asikubali jawabu la kwanza kwa sababu limekaa karibu. Amwambie daktari kila anachokula, na kila asichokula, hata kama anaona si jambo.

Bi Mize alifariki vuli iliporudi, asubuhi, mvua ndogo inanyesha. Mimi nilikuwa mjini. Tulipofika nyumba imeshajaa wanawake, na Bi Fatma amekuja na mkoba wangu begani kwake, haukuwa na vumbi. Akanikabidhi.

Maji yakaletwa. Majani ya mkunazi yalikuwa yameshapondwa. Bi Fatma akanitazama, akauliza kwa upole, "Niyapime mie?"

Nikamwambia hapana. Nikatia kiko cha mkono kwanza, kisha nikashusha kiganja, nikangoja. Joto likanifikia. Si lile la zamani, lilikuwa kama linapita ndani ya nguo, lakini lilifika, na lilikuwa kali. Nikasema waongeze ya baridi. Wakaongeza. Nikapima tena. Bi Fatma akatia mkono wake kando ya wangu, akautoa, akatikisa kichwa kukubali.

Nikavaa glavu, nikasema Bismillahi, nikachota. Nikammiminia upande wa kulia, taratibu, kama alivyopenda. Kisha mkono ukanisimama na kopo hewani, kwa mazoea ya miezi yote ile, namsubiri aseme.